Kazi, Fedha na Moyo Ulioridhika

Mada iliyotolewa kwa washarika katika juma la kuadhimisha miaka 100 ya usharika



Kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze juu ya Mkristo na fedha. Niliomba ruhusa ya kuongeza maneno mawili, yaani kazi na kuridhika. Fedha ikizungumzwa peke yake, wahubiri wengine huitukana na wengine huiabudu, na msikilizaji hurudi nyumbani bila msaada. Jumapili ijayo tutakuwa na harambee ya Jubilei. Ni vema basi, kabla hatujaulizana kila mmoja atatoa kiasi gani, tuulizane kwanza fedha hiyo tumeipataje, na imetufanya kuwa watu wa namna gani.

Neno la msingi: Luka 12:13-21

Wengi wetu tunaufahamu mfano wa tajiri mpumbavu tangu shule ya Jumapili. Shamba lake lilizaa sana, akakosa mahali pa kuweka mavuno, akaazimia kubomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi, na usiku uleule akadaiwa roho yake. Lakini si wengi wanaokumbuka ni jambo gani lililomfanya Bwana Yesu autoe mfano huo. Mtu mmoja katika mkutano alimletea shauri la urithi. Alimtaka amwamuru ndugu yake agawane naye mali iliyoachwa. Bwana alikataa kufanywa mwamuzi wao. Badala yake aliwageukia wote waliosikia, akawaonya wajilinde na choyo, kwa kuwa uhai wa mtu hautokani na wingi wa mali yake.

Ndugu zangu, shauri lile lingeweza kuletwa leo mbele ya baraza la wazee la usharika huu. Ndugu wawili wa tumbo moja, kihamba kimoja, na kila mmoja akiwa na hakika kwamba Mungu yuko upande wake! Sisi wachungaji tunazijua nyumba ambamo ndugu hawaketi benchi moja kanisani kwa sababu ya mpaka wa masale uliosogezwa hatua mbili. Wapo ambao hawakusalimiana hata siku ya kumzika mama yao.

Tena angalieni jinsi tajiri wa mfano anavyosema. Katika maneno yake yote yuko peke yake. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, na mwisho anaipongeza nafsi yake mwenyewe. Hamtaji mke wala mtoto, jirani wala kibarua aliyemvunia. Hamtaji Mungu aliyeleta mvua. Ghala zimejaa, na mwenye ghala hana mtu wa kuzungumza naye.

Hapo ndipo ninapopata neno ninalotaka kuwaachia leo. Kuridhika hakuji baada ya ghala kujaa. Kuridhika ni somo, nalo hufundishwa mtu akiwa bado kazini, pamoja na watu wa nyumbani mwake na jirani zake, mbele za Mungu. Asiyejifunza somo hilo akiwa na kidogo hatafundishwa na kingi.

Usharika na ushirika

Tunaadhimisha miaka mia moja, na historia yetu wenyewe ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Wamisionari wa Misioni ya Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanza kazi Machame. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wengi wa wamisionari hao waliondolewa nchini, na walimu na wainjilisti wenyeji ndio waliolichukua kanisa mabegani mwao mpaka misioni iliporejea. Usharika wetu ni mtoto wa miaka ile. Walioukusanya hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa jembe, wa migomba na wa mbuzi wawili watatu zizini.

Katika miaka hiyohiyo kulizaliwa kitu kingine katika mlima huu. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha kahawa, Kilimanjaro Native Planters Association, ambacho Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake wa kwanza. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake kila mzee hapa analijua. Kwa hiyo usharika wetu na ushirika wa kahawa ni kama vijana wa rika moja, waliokua pamoja na kuchunga pamoja.

Kahawa ilitufaa sana, na ni utovu wa shukrani kusema vinginevyo. Kwa miongo mingi msimu wa kahawa ndio uliokuwa kalenda ya karo, ya harusi na ya sadaka. Watoto wengi wa mlimani walivaa viatu kwa mara ya kwanza kwa sababu ya kahawa, na wengi walifika vyuoni kwa sababu hiyohiyo. Mibuni ilipandwa chini ya migomba, migomba ikakaa chini ya mringaringa, na maji yakaletwa na mifongo iliyochimbwa na mababu kwa kazi ya pamoja. Hakuna aliyeweza kuuchimba mfongo peke yake, wala kunywesha shamba lake bila kungoja zamu.

Lakini kahawa ilitufundisha pia kwamba kipato si kipimo cha mtu. Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, nchi inayozalisha kahawa kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa sababu hiyo bei ya dunia ilipanda kupita kiasi mwaka 1976 na 1977. Hapa kwetu mwaka huohuo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na sheria ya kuvirudisha ikaja kati ya mwaka 1982 na 1984. Mwezi wa Julai mwaka 1989 mfumo wa mgawo wa mauzo uliokuwa umewekwa na mkataba wa kahawa wa kimataifa ulianguka, na bei ikaporomoka. Mwaka 2001 bei ilikuwa duni kiasi kwamba mkulima aliulizana na mkewe kama inafaa hata kununua dawa ya chulebuni. Wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya.

Sasa nauliza. Mkulima yule wa mwaka 1977 na mkulima yule wa mwaka 2001 walitofautiana nini? Mikono ni ileile, jembe ni lilelile, na alfajiri aliyoamka ni ileile. Kilichobadilika kilikuwa mbali naye, katika baridi ya Brazil na katika mikutano ambayo hakualikwa. Aliyejiona mtu mkubwa kwa sababu ya bei nzuri alijidanganya, na aliyejiona si kitu kwa sababu ya bei mbaya alijidanganya vilevile. Thamani ya mtu haikuwa katika mizani ya kahawa. Iko kwa Yeye aliyemuumba na kumkomboa.

Kazi ni wito

Wako Wakristo wanaodhani kwamba kazi ni adhabu ya dhambi. Sivyo Maandiko yanavyosema. Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na dhambi bado haijaingia. Kilicholetwa na dhambi, katika sura ya tatu, ni miiba, jasho na uchungu. Kazi yenyewe ni zawadi iliyotangulia anguko. Ndiyo maana mtu asiye na kazi huumia kwa namna ambayo chakula cha msaada hakiwezi kuiponya. Vijana wetu wanaokaa kijiweni na vyeti mfukoni hawalii njaa ya tumbo tu. Wanalia kwa sababu hakuna anayewahitaji.

Martin Luther aliliona jambo hili kwa wazi kuliko wengi wa zama zake. Wakati wake neno wito lilitumika kwa mapadre, watawa wa kiume na watawa wa kike. Yeye alilichukua neno hilo akalipeleka jikoni, shambani, karakanani na katika ofisi ya hakimu. Katika andiko lake la mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa alisema kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anaweza kuchekwa na watu, lakini Mungu na malaika wake humfurahia. Alipofafanua Zaburi ya 147 alizifananisha kazi zetu na barakoa. Nyuma ya mkulima, mwokaji na mlinzi wa mji yupo Mungu mwenyewe, ndiye anayelisha na kulinda, ila amependa kufanya hivyo akiwa amefichwa katika mikono ya watu.

Tukilishika fundisho hili, tutaacha kuzipanga kazi kwa madaraja kama tunavyofanya. Mama anayebeba mkungu wa ndizi kichwani kwenda sokoni kabla ya jua kuchomoza ana wito. Kijana wa bodaboda anayemkimbiza mjamzito zahanati usiku wa manane ana wito. Mwalimu wa darasa la kwanza, muuguzi, fundi seremala na mtunza hesabu, wote wana wito. Mtume Paulo alishona mahema kwa mikono yake huku akihubiri Injili (Matendo 18:3), wala hatusomi kwamba aliionea haya sindano.

Lakini wito una jirani ndani yake. Mungu hana haja na kahawa yetu wala na viatu tunavyoshona. Jirani ndiye mwenye haja navyo. Kwa hiyo swali la Mkristo kazini haliishii kwenye malipo. Anajiuliza pia: nani anasaidiwa na kazi yangu, na nani anaumizwa nayo?

Fedha katika mahali pake

Watoto wa kipaimara hukariri maelezo ya Sala ya Bwana katika Katekisimo Ndogo, iliyotolewa mwaka 1529. Tazameni ombi la nne, lile la riziki ya kila siku. Luther anaorodhesha mambo yote yaliyomo katika neno hilo: chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema wa ndoa, watoto wema, serikali njema, hali njema ya hewa, amani, afya, na mengineyo. Karibu na mwisho wa orodha anaweka marafiki wema na majirani waaminifu.

Fedha imo, wala haikuonewa haya. Lakini mahali ilipowekwa ni pa kutafakari. Imetajwa baada ya mifugo na kabla ya mke au mume. Ni kitu kimoja kati ya vingi. Mtu mwenye fedha lakini hana amani na jirani yake hajapata riziki yake yote. Tena mtu mwenye jirani mwaminifu, afya na watoto wema, hata kama mfuko ni mwepesi, amekwisha kujibiwa sehemu kubwa ya ombi hilo. Haya tumeyakariri. Je, tumeyaamini?

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo, Luther anaeleza amri ya kwanza kwa kusema kwamba kile ambacho moyo wa mtu umekitegemea ndicho mungu wake. Mfano wake wa kwanza ni mali. Anamtaja Mamona kuwa sanamu inayoabudiwa kuliko zote duniani. Alama anayotupa ni rahisi: mwenye mali hujiona salama hata kuota kiburi, na asiye nayo hukata tamaa kana kwamba hakuna Mungu. Kwa kipimo hicho maskini naye anaweza kuiabudu fedha, maana anaweza kuiota usiku kucha asiyokuwa nayo.

Wapendwa, ibada hii ya sanamu imekuja kwetu ikiwa imevaa nguo za kanisa. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mchezo wa upatu ulioendeshwa na DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu, kisha wavune mara kadhaa ya walichopanda, na waliowaita walikuwemo watumishi wa Mungu. Lugha ya kupanda na kuvuna ilikuwa ya Biblia. Kilichokosekana ni shamba. Hapakuwa na kitu kilicholimwa, kilichoshonwa wala kilichojengwa. Fedha ya aliyeingia leo ndiyo iliyomlipa aliyeingia jana, na aliyeingia mwisho alibaki na karatasi. Wako wastaafu waliopoteza kiinua mgongo, na wajane waliopoteza mtaji wa biashara ya mboga.

Upatu ule ulikwisha, tamaa ile haikwisha. Leo kijana hubeti kwa simu mshahara wa wiki kabla hajafika nyumbani. Mama huchukua mkopo wa kausha damu ili alipe mkopo wa kausha damu. Mhubiri fulani huahidi gari kwa anayetoa bahasha nono zaidi. Yote hayo yana mzizi mmoja: kutaka mavuno yaliyokimbia kazi na yaliyomsahau jirani. Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma.

Kuridhika hufunzwa

Tufike sasa kwenye neno lenyewe. Katika 1 Timotheo 6:6 mtume anasema kwamba utauwa ukiambatana na kuridhika ni faida kubwa. Neno la Kiyunani lililotumika hapo ni autarkeia. Wanafalsafa wa Kistoa walilipenda sana. Kwao lilikuwa na maana ya mtu aliyejitosheleza, asiyemhitaji yeyote, asiyetikiswa na lolote. Paulo amelichukua neno hilo na kulibatiza. Katika Wafilipi 4:11-13 anajiita mtu aliyeridhika, lakini papo hapo anaeleza siri yake: uwezo huo ameupata kwa Kristo anayemtia nguvu. Kisha anaendelea kuwashukuru Wafilipi kwa sababu walishirikiana naye katika dhiki yake. Mstoa asingeshukuru hivyo, maana alijivunia kutohitaji watu. Paulo ameridhika na bado anahitaji ndugu, naye haoni haya kupokea.

Zingatieni mambo mawili katika maneno yale. La kwanza, Paulo anasema amejifunza. Hakuzaliwa ameridhika, wala hakuamka siku moja akajikuta hivyo. La pili, aliandika akiwa kifungoni. Hakungoja afunguliwe ndipo aanze kushukuru. Tena anasema amejua kupungukiwa na amejua kufanikiwa. Hili la pili tunalipita haraka. Kumbe kufanikiwa nako kuna somo lake! Wengi wamefaulu mtihani wa njaa wakaanguka mtihani wa shibe.

Israeli walipewa somo hilo jangwani kwa miaka arobaini. Katika Kutoka 16 kila mtu aliokota mana kwa kadiri ya watu wa hema yake. Aliyeokota nyingi hakuwa na ziada, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliokiuka agizo wakaibakiza mpaka asubuhi waliikuta imetoa funza. Lakini ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato haikuoza. Hapo tunaona kwamba Mungu hakatai akiba. Yusufu aliweka nafaka miaka saba huko Misri na kuokoa mataifa. Akiba inayowekwa kwa utii, kwa ajili ya pumziko la nyumba nzima au kwa ajili ya siku ya njaa ya watu, hudumu. Akiba inayotokana na hofu ya kwamba Mungu hatakuwepo kesho, hiyo ndiyo inayotoa funza. Basi wana VICOBA na SACCOS wasidhani ninawapinga. Wekeni akiba, lakini mwijue sababu yake.

Aidha, ni lazima niseme kuridhika si nini, maana neno hili limetumika vibaya. Wako waliowaambia maskini waridhike ili wasidai haki yao. La hasha! Yakobo 5:4 husema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Mkulima anayelazimishwa kuuza viazi kwa lumbesa, gunia lililorundikwa mpaka likaota kichwa, haambiwi aridhike. Katika maelezo ya amri ya saba Luther anamhesabu kuwa mwizi kila anayemdanganya mwenzake sokoni kwa kipimo cha uongo. Kuridhika ni uhuru wa yule ambaye hanunuliki. Mtu wa jinsi hiyo anaweza kudai haki yake bila chuki, na anaweza kukataa rushwa bila kujisifu, kwa sababu anachokitegemea hakimo katika bahasha wanayompa.

Mambo ya kutenda

Mada isiyofika nyumbani ni kelele. Naomba basi nitaje mambo matano ambayo usharika wetu unaweza kuyaanza mwaka huu wa Jubilei.

Kwanza, tulipe ujira. Kuna msichana wa kazi anayelala jikoni mwa Mkristo na hajalipwa miezi mitatu. Kuna kibarua aliyepalilia shamba na kila akienda kudai huambiwa aje kesho. Kama tajiri wa nyumba hizo anakuja na milioni kwenye harambee, namsihi kwa upendo: milioni hiyo ina mwenyewe. Apite kwanza kwa mwenyewe, kisha aje madhabahuni na kitakachobaki. Mungu hatapungukiwa.

Pili, tuandike wosia tungali hai. Kwa mila zetu mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume walijua sehemu zao, wa katikati wakatafuta pa kwenda, na mabinti na wajane mara nyingi wakabaki kutegemea huruma. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi. Kanisa lisiwe nyuma ya Bunge katika jambo la haki. Baba anayekufa bila kusema neno juu ya kihamba huwaachia watoto wake kesi. Namwomba kila mzee wa kanisa awe wa kwanza kuandika wosia, wenye jina la mke na la mabinti, ili awe na ujasiri wa kuwashauri wengine.

Tatu, tutunze heshima ya sadaka ndogo. Baada ya ibada tunanadi mayai, maziwa na mikungu ya ndizi iliyoletwa na wale wasio na fedha taslimu. Desturi hiyo ni njema sana, maana kazi ya mikono inapokewa madhabahuni kama ilivyo. Lakini katika harambee zetu hutangazwa kwanza waliotoa kingi, wakashangiliwa, na waliotoa elfu mbili wakasomwa wakati watu wanaondoka. Bwana Yesu aliketi kuielekea sanduku la hazina, akawaita wanafunzi wake wamtazame mjane (Marko 12:41-44). Napendekeza Jumapili ijayo majina yasomwe bila kiasi. Mtunza hazina ataandika kila senti na kutoa stakabadhi, na hesabu kamili itasomwa mbele ya mkutano mkuu wa usharika. Uwazi hauhitaji majivuno.

Nne, deni lisiwe siri. Baba huficha deni kwa mama, mama huficha kwa baba, hata wadai wanapokuja kubeba kochi ndipo nyumba nzima inajua. Kitengo cha diakonia kiwe na watu wawili watatu wenye busara na wenye kutunza siri, ambao mtu anaweza kuwaendea kabla hajatia saini mkopo, na ambao hawatamcheka akiisha kuanguka.

Tano, tupumzike. Amri ya tatu ni zawadi kwa wenye kazi. Duka likifungwa Jumapili asubuhi, mwenye duka anakiri kwa vitendo kwamba ulimwengu unamtegemea Mungu, wala haumtegemei yeye. Na wenzetu wanaorudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko wakati wa Krismasi, nawaomba waje kupumzika na wazee wao kweli. Mwezi wa Desemba mlimani usiwe maonyesho ya magari. Mama mzazi anataka kuongea nawe, mwanangu, kuliko anavyotaka televisheni uliyomletea.

Hitimisho

Kuna sala moja katika Mithali 30, sala ya Aguri, ambayo ningependa iwe sala ya usharika huu katika karne yake ya pili. Aguri hakuomba utajiri, wala hakuomba umaskini. Aliomba alishwe kwa kadiri ya chakula kinachomstahili. Alihofu kwamba akishiba sana atamkana Bwana, na akiwa na njaa ataiba na kulitia unajisi jina la Mungu wake. Ni sala ya mtu anayejijua. Tena ni mara chache kuisikia ikiombwa kwa sauti katika mikesha yetu, ambamo tunaomba milango ifunguke, na milango ifunguke tena.

Waliotutangulia hawakutuachia fedha benki. Walituachia kanisa, mifongo, shule, na desturi ya kungoja zamu. Wajukuu wetu nao watakaposoma kitabu hiki cha Jubilei watauliza tuliwaachia nini. Majengo wataona, na harambee itasaidia kuyakamilisha. Lakini natamani waseme pia kwamba katika usharika huu vibarua walilipwa kabla ya jua kuchwa, mabinti walirithi pamoja na kaka zao, na ndugu waliokuwa na kesi ya kihamba walikaa benchi moja kupokea Meza ya Bwana. Katika Meza hiyo kila mmoja hupokea kipande kilekile na kikombe kilekile, mwenye ekari kumi na asiye na hata moja. Hakuna anayeondoka akisema amepunjwa.

Mungu Baba, aliye chemchemi ya kila riziki, awabariki ninyi nyote na kazi za mikono yenu.